Mjane, Majirani na Sheria ya Mtoto

Somo: 2 Wafalme 4:1-7

Ndugu wasomaji, kabla hatujaendelea tunawaomba mfungue Biblia mzisome aya hizo saba. Wengi huzisoma kwa ajili ya muujiza wa mafuta, na kweli muujiza upo. Lakini mwezi huu twataka kuzitazama kwa jicho la mtu anayeuliza: wale watoto wawili walinusurikaje?

Habari yenyewe ni hii. Mwanamke mmoja amefiwa na mumewe, mtu mcha Mungu aliyekuwa katika kundi la manabii. Marehemu ameacha deni. Mwenye kudai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa wake, na kwa desturi ya siku zile hakuna aliyemwita mwizi, maana alikuwa akidai kilicho chake. Mama anamwendea Elisha na kumlilia. Elisha hamfukuzi kwa maneno ya faraja, wala hawachukui watoto akawalee yeye kwake. Anamwuliza mama maswali mawili: anataka afanyiwe nini, na nyumbani ana nini. Mama ana mafuta kidogo katika chombo, basi. Ndipo Elisha anamtuma kwa majirani wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Kisha ajifungie ndani pamoja na wanawe, amimine. Mwishowe mafuta yanauzwa, deni linalipwa, na kinachobaki kinamtunza mama na watoto.

Tuangalie mambo mawili. La kwanza ni wakati. Msaada ulifika mwenye kudai akiwa njiani, na watoto wangali nyumbani. Kama mama angenyamaza siku chache zaidi, Elisha angekuwa na kazi nyingine kabisa, kazi ya kuwakomboa watoto waliokwisha kuwa watumwa. La pili ni vyombo. Mafuta yalikoma pale vyombo vilipokwisha. Majirani hawakutoa fedha wala hawakufanya muujiza. Walitoa vyungu vyao, na wingi wa vyungu hivyo ndio uliokuwa kipimo cha msaada.

Tunaileta habari hii kwa sababu ya maneno tunayoyasikia katika jumuiya zetu kila inapotajwa Sheria ya Mtoto. Wengine husema ni sheria ya kuwafunga wazazi. Wengine husema imeletwa ili kuwapa watoto kiburi. Ukiwauliza kama wamepata kuisoma, hunyamaza. Basi na tuisome kidogo pamoja.

Sheria yenyewe

Sheria ya Mtoto ni Sheria Na. 21 ya mwaka 2009. Ilipitishwa na Bunge mwezi wa Novemba mwaka huo, ikaanza kutumika Aprili 2010. Inahusu Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao, Na. 6 ya mwaka 2011. Kabla ya hapo mambo ya watoto yalikuwa yametawanyika katika sheria mbalimbali, nyingine za tangu utawala wa Waingereza: moja ya watoto walioshitakiwa, nyingine ya kuasili, nyingine ya vituo vya kulelea watoto wadogo mchana, na nyingine ya matunzo ya mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Hii ya mwisho akina mama waliijua kwa uchungu, kwa kuwa baba aliyethibitishwa alitakiwa kutoa kiasi kisichozidi shilingi 100 kwa mwezi. Wakati sheria ile ilipotungwa hizo zilikuwa fedha. Miaka ikaenda, bei zikapanda, na shilingi 100 ikabaki shilingi 100 katika kitabu cha sheria.

Sheria ya 2009 haikutaja kiasi. Humtaka hakimu atazame mapato na mali ya wazazi wote wawili, mzigo wao wa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Wala si mama peke yake awezaye kuomba matunzo. Ndugu aweza, mlezi aweza, Afisa Ustawi wa Jamii aweza, hata mtoto mwenyewe kwa kupitia mtu mzima wa kumsimamia.

Mtoto, kwa sheria hii, ni mtu ye yote aliye chini ya miaka 18, na katika kila jambo linalomhusu, manufaa yake ndiyo ya kutazamwa kwanza. Mzazi au mlezi anapaswa kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu pamoja na chanjo, elimu na maongozi, uhuru, na nafasi ya kucheza na kupumzika. Wako wazee ambao hutabasamu wakifika hapo kwenye kucheza. Mwalimu wa darasa la kwanza hatabasamu. Anajua kwamba mtoto aliyepata kucheza na udongo, vijiti na mawe huja shuleni akiwa amekwisha kujifunza nusu ya hesabu.

Haya si mageni kwetu. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mzazi Mkristo angethubutu kulikana akiwa amesimama mbele ya birika la ubatizo.

Kuhusu fimbo tutasema maneno machache tu, kwa kuwa ndipo mazungumzo yote huishia na mengine hayazungumzwi tena. Kifungu cha 13 chakataza kumtesa mtoto na kumpa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha. Chasema pia kwamba kumrudi mtoto kupita kiasi si halali, ukiangalia umri wake, mwili wake na akili yake, na kwamba mtoto asiyeweza kuelewa kwa nini anarudiwa asiadhibiwe. Hata shuleni, kanuni zilizorekebishwa mwaka 2002 zilitaja viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na kuandikwa katika daftari. Wazazi hupenda kututajia ile methali ya samaki. Methali yasema mkunje, haikusema mvunje. Na uchunguzi uliofanywa nchini mwaka 2009, ukatangazwa 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walioulizwa, wa kike kwa wa kiume, walipata ukatili wa mwili kabla ya kufikia miaka 18. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba jambo hili ni la nyumba mbili tatu za walevi.

Kifungu cha 95

Kama msomaji atasahau vingine vyote, tunamwomba akikumbuke kifungu cha 95. Hapo ndipo jirani anapotajwa.

Chasema hivi, kwa maneno yetu. Mtu ye yote katika jamii akiwa na ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mzazi, mlezi au ndugu anayekaa na mtoto anaweza kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na nafasi ya kucheza, lakini anakataa au hajali, ni wajibu wake kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa wa pale. Angalieni neno wajibu. Sheria haikusema akipenda.

Taarifa ikifika, nini hufuata? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Afisa Ustawi wa Jamii aweza kumwita yule anayelalamikiwa, wakae, wazungumze. Kisha afisa hutoa uamuzi kwa kuangalia manufaa ya mtoto. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza. Hakuna polisi hapo, wala mahabusu, wala kizimba. Mtu akikataa kuutii uamuzi huo, ndipo afisa hulipeleka shauri mahakamani. Hata huko mahakama haina mlango mmoja. Yaweza kumtaka mzazi ajifunge kwa ahadi kwamba atayafanya aliyoyaacha. Yaweza kuamuru mtoto aendelee kukaa nyumbani chini ya uangalizi wa Afisa Ustawi. Yaweza pia, kama nyumba imeharibika, kuamuru mtoto atunzwe mahali pengine. Adhabu nazo zipo, hatuzifichi: anayevunja haki hizi za mtoto aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au vyote viwili. Lakini mwenye kuitazama sheria kwa utulivu ataona kwamba kikao kimetangulia na jela imekaa nyuma.

Tuchukue mfano wa nyumba mbili. Katika nyumba ya kwanza baba ameuza korosho na bei ilikuwa nzuri. Fedha zimeishia kilabuni, watoto hawana sare wala daftari, na mama akidai chakula anapigwa. Katika nyumba ya pili yuko bibi mwenye miaka 70 na wajukuu wanne. Mama yao amekufa, baba hajulikani aliko. Bibi anauza karanga barabarani, na mjukuu mkubwa hubaki nyumbani siku nyingine ili amtunze mdogo. Katika daftari la mahudhurio, watoto wa nyumba zote mbili wana alama ileile: hayupo, hayupo, hayupo. Daftari haliwezi kuwatofautisha. Jirani aweza.

Sheria nayo imewatofautisha. Baba wa kwanza ndiye kifungu cha 95 kinayemtaja, kwa kuwa anaweza lakini hataki. Bibi anataka lakini hawezi. Huyo hana la kuitiwa kizimbani. Yeye anahusika na kifungu kinachotangulia, cha 94, kinachoiagiza halmashauri ilinde na kuendeleza ustawi wa watoto katika eneo lake, itoe ushauri na mafunzo kwa watu na familia kupitia Afisa Ustawi, na iweke orodha ya watoto walio katika mazingira magumu zaidi ili wasaidiwe kadiri inavyowezekana. Hata mpango wa kunusuru kaya maskini uliozinduliwa mwaka 2012 chini ya TASAF uliziandikisha kaya kwa kuanzia kijijini, kwa kuwauliza watu ni nani aliye maskini kuliko wengine. Bibi ambaye hakuna aliyemtaja haingii katika orodha yo yote.

Kwa hiyo kutoa taarifa si lazima kuwe ni kushitaki. Mara nyingi ni kutaja jina.

Twajua kwa nini watu hunyamaza. Mwingine anaogopa kuitwa mchongezi, na katika mtaa mdogo jina hilo hukaa muda mrefu kuliko mtoto anavyokaa utotoni. Mwingine ni shemeji, au anadaiwa na mhusika. Lakini iko sababu moja inayostahili kujibiwa kwa heshima zaidi. Mama mmoja hufikiri hivi: nikisema, baba watoto atafungwa; akifungwa, nani atalisha? Hii si hoja ya kijinga. Wanaomlaumu mama huyu kirahisi hawajapata kuhesabu kilo za unga zilizobaki katika debe. Jibu letu ni kwamba hofu yake inazidi kuwa ya kweli kila siku anayongoja. Habari ikitolewa wakati mtoto anakosa chakula cha mchana, kinachofuata ni mazungumzo barazani kwa Mtendaji. Habari hiyohiyo ikitolewa mtoto amekwisha kuvunjwa mkono, kinachofuata ni gari la polisi, na hapo si afisa wala mzee wa kanisa atakayeweza kulirudisha nyuma.

Aliye na taarifa aende kwa Mwenyekiti wa Mtaa au wa Kitongoji, au kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Kata, au moja kwa moja kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Iko pia simu ya watoto, namba 116, isiyo na malipo, ambayo mtu mzima aweza kuipiga na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Tunashauri taarifa iandikwe, hata kwa penseli katika nusu karatasi: jina la mtoto, umri wake kama unajulikana, mahali anapokaa, na mliyoyaona kwa macho yenu pamoja na tarehe. Mliyoyasikia yaandikwe kando, na isemwe kuwa ni ya kusikia. Ukiandika kwamba mtoto hakuwapo shuleni tangu Jumatatu hadi Alhamisi, na Ijumaa alionekana akibeba matofali, hapo umemsaidia afisa. Ukiandika kwamba baba yake ni mtu mbaya, hujamsaidia neno.

Na tuseme ukweli: maafisa hawa ni wachache, kata ni nyingi, na nauli si ya kutosha. Afisa aweza asije wiki hiyo. Basi nakala ya taarifa ihifadhiwe, na mwenye kuitoa arudi tena. Yule mjane wa katika mfano wa Bwana Yesu, Luka 18, alirudi mara nyingi kwa hakimu aliyekuwa mbaya kuliko afisa wetu.

Dalili za mapema

Nani huona kwanza? Mara nyingi ni muuguzi wa kliniki na mwalimu. Kadi ya kliniki ina mstari wa uzito. Mstari ukilala au ukishuka mwezi hata mwezi, kuna neno nyumbani, hata kama mama asema mtoto ni mzima. Mwalimu naye huona mtoto anayesinzia kila siku saa nne, anayetunza kipande cha andazi mfukoni kwa ajili ya mdogo wake, anayeshituka mtu akiinua mkono ili kuandika ubaoni. Walimu tuliowafundisha vyuoni tuliwaambia daima kwamba mtoto mtoro aulizwe kwa upole kabla ya kuandikiwa adhabu, kwa sababu utoro ni jibu, na mwalimu hajajua swali lilikuwa nini.

Serikali nayo imeanza kuyatazama mambo ya miaka ya mwanzo kwa mkazo zaidi. Mwezi wa Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26. Yahusu watoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8, na imekusanya pamoja mambo matano: afya, lishe, malezi yenye kumwitikia mtoto, kujifunza mapema, na ulinzi. Wazo lake ni rahisi. Mtoto asigawanywe, tumbo likawa la wizara moja na akili ya wizara nyingine, huku mama akizungushwa ofisi tatu. Kumwitikia mtoto maana yake si jambo la kigeni. Ni kumjibu anapoita, kuzungumza naye unapomwogesha, kumwimbia. Bibi zetu walifanya. Siku hizi mama aondokaye alfajiri kwenda sokoni na kurudi usiku hana nafasi, na kumwambia tu kwamba zamani akina mama walikuwa bora ni kumwonea.

Cheti cha kuzaliwa nacho kisisahauliwe. Kumwandikisha mtoto ni wajibu wa mzazi kwa sheria hiihii. Mtoto asiye na cheti ni vigumu kuthibitisha umri wake siku atakapotaka kuozwa au kuajiriwa kabla ya wakati.

Mambo yasiyokaliwa kikao

Tumesema habari za mazungumzo, na twaogopa mtu asije akatuelewa vibaya. Yako mambo ambayo hayana kikao. Mtoto akibakwa, akilawitiwa, akikeketwa, au mwanafunzi akipewa mimba, hayo ni makosa ya jinai. Kesi ni ya Jamhuri; wazee wa ukoo hawana mamlaka ya kuimaliza kwa mbuzi wawili na debe la pombe, wala mzee wa kanisa hana mamlaka ya kuimaliza kwa sala. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka adhabu nzito, na marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Wengi wa watendao haya wanajulikana nyumbani kwa mtoto, ndiyo maana kikao cha ukoo kinapendwa sana: mara nyingi mshitakiwa ni mmoja wa wanakikao.

Likitokea, mtoto asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe. Apelekwe hospitali upesi, siku hiyohiyo ikiwezekana, kwa kuwa dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI inafaa ikianzwa kabla ya saa 72 kupita. Polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto, nako hutolewa fomu ya PF3. Katika baadhi ya hospitali viko vituo vya Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na Afisa Ustawi huwa mahali pamoja ili mtoto asisimulie habari ileile mara nne. Na binti aliyepata mimba akaacha shule asiambiwe kwamba masomo yamekwisha. Tangu Novemba 2021 Serikali imetangaza kwamba aweza kurudi shuleni baada ya kujifungua. Parishi ikimtenga binti huyo Jumapili, yeye na mtoto wake, sheria haitaweza kumsaidia sana.

Vyombo vya majirani

Iko siku ambapo mtoto hana budi kuondolewa nyumbani, na sheria yaruhusu. Lakini yataka kwanza watafutwe ndugu. Kisha iko familia ya kuaminika, ambayo Ustawi wa Jamii umeichunguza. Kisha malezi ya kambo. Makao ya watoto ni ya mwisho, tena ni lazima yawe na leseni. Kanisa letu laujua mzigo huo tangu zamani: shule ya Misheni ya UMCA huko Unguja ilianza mwaka 1864 na watoto watano wa kiume waliotolewa katika jahazi la watumwa, Sultani akamkabidhi Askofu Tozer. Wale hawakuwa na pa kurudi. Watoto wetu wengi wa leo wanapo. Si wote walioko makaoni ni yatima. Wengine wana mama aliyeshindwa na kodi ya chumba. Sisi twapenda kwenda huko wakati wa Krismasi na sabuni, mchele na mpiga picha. Hatusemi ni vibaya. Twasema tu kwamba gunia hilohilo la mchele, likifika kwa yule bibi mwezi wa Februari, huenda likawazuia wajukuu wanne wasifike makaoni kamwe.

Hapa turudie vyungu. Elisha hakuwaomba majirani kila mmoja ambebe yule mjane na deni lake. Aliwaomba kilichokuwa kimekaa bure nyumbani mwao. Katika parishi yetu vyombo vya namna hiyo ni vingi. Yuko muuguzi mstaafu awezaye kuisoma kadi ya kliniki na kumweleza mama kijana kwa lugha yake. Yuko karani ajuaye kuandika barua ya serikali. Kiko kikoba cha akina mama kinachoweza kumkopesha bibi mtaji wa karanga bila riba kwa miezi mitatu. Yuko mwenye pikipiki. Wako wazazi wa ubatizo, ambao wengi wao walionekana siku ya picha na hawajaonekana tena. Hao nao ni vyombo, ijapokuwa vimefunikwa. Umoja wa Mama wenyewe, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1876 na Mary Sumner, mke wa kasisi wa kijijini, ulianza kwa jambo hilihili, yaani akina mama wa parishi moja kukutana na kusaidiana kulea. Vitambaa vya sare vilikuja baadaye.

Tena tusiusahau ule mlango. Elisha alimwambia mjane ajifungie ndani. Majirani walijua kwamba vyombo vimeazimwa, walivyojazwa hawakuona. Msaada kwa nyumba yenye shida usitangazwe katika matangazo ya Jumapili, wala mama asisimamishwe mbele ashukuru. Majina yabaki kwa kasisi, kwa mama mmoja au wawili waliochaguliwa, na kwa Afisa Ustawi.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

Je, ni wangapi kati yetu wanaolijua jina la Afisa Ustawi wa Jamii anayehudumia kata yetu, na ofisi yake ilipo? Ni watoto gani waliokuwa Shule ya Jumapili mwaka jana ambao mwaka huu hawaonekani, na ni nani aliyekwenda kuuliza? Katika jumuiya yetu yuko bibi au babu anayelea wajukuu peke yake. Je, ametajwa kwa Mtendaji, na majina ya watoto yameandikwa? Sisi wenyewe, kila mmoja, tuna chombo gani kitupu nyumbani? Majibu ya swali la kwanza yaletwe kwa Katibu wa Parishi kabla ya mwisho wa mwezi, ili jina na mahali pa ofisi vibandikwe mlangoni pa kanisa.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaendelea na malezi ya kambo na kuasili, kwa kuwa wako wanandoa wawili waliotuuliza.